Huku hakuna mjumbe wa nyumba kumi: kaunsili, hospitali na sisi wageni Krismasi hii ya korona

Mlezi wa Zamu | Leicester | Jumapili, 13 Desemba 2020

Wadau wa Uingereza, na ninyi mlioko nyumbani, habari za jioni. Nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nimelala kidogo, nimeamka na jambo moja kichwani. Nimeona niliandike kabla sikukuu hazijatukuta. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa kanisani alinipigia simu. Kuna kijana wa Tanga amepanga chumba kwenye nyumba ya watu sita, na hajaonekana jikoni siku tatu. Nikaenda. Kuingia ndani hairuhusiwi, nikasimama pale mbele ya mlango, yeye akafungua dirisha la juu. Sauti ilikuwa imekauka kabisa. Amepima, ana korona, siku ya tano. Nikamuuliza anakula nini, akanyamaza. Mwishowe akasema huwa anasubiri wenzake walale. Saa nane usiku anavaa barakoa, anashuka, anakoroga uji wa unga wa ugali na sukari, anapanda nao juu. Unga wenyewe ulikuwa umebaki robo mfuko. Wakala aliyempa kazi alimwambia siku ambayo hana zamu hana malipo, basi.

Wenzake ndani ya nyumba hakuwaambia. Kwa nini? Kwa sababu akisema, wote sita wanatakiwa wajitenge, na wote sita wanaishi kwa zamu. Nikamuuliza kama amepiga simu kaunsili, yaani serikali za mitaa za huku. Jibu lake ndilo limenifanya nianzishe uzi huu: "Dada, mimi sitaki wajue nipo."

Kijana huyu ana kibali cha kudumu. Anakatwa kodi kila mwezi. Kodi ya kaunsili imo ndani ya pango analolipa. Hana kosa lolote duniani, ila amezoea kujificha mpaka imekuwa tabia.

Nyumbani ukihamia mtaa, mjumbe anakujua kabla hujapanga kitanda. Ukiugua, jirani anasikia kikohozi chako ukutani, mtoto anatumwa na bakuli la supu. Ukifiwa, mwenyekiti wa mtaa anajua, turubai linakuja. Huku hakuna mjumbe. Huku usiposema upo, haupo. Ukifia chumbani, wa kwanza kujua ni mwenye nyumba anayedai pango.

Nikapiga simu mwenyewe pale pale nje, nikamweka kwenye spika ili ajibu kwa mdomo wake. Walimuuliza jina, anwani, anaishi na nani, ana mzio wa chakula gani. Visa hawakuuliza. Kesho yake mchana boksi likawekwa mlangoni: mchele, maharage ya kopo, tambi, maziwa ya muda mrefu, viazi, majani ya chai. Wenzake tuliwaambia jioni ile ile. Mmoja alikasirika, simlaumu, ana watoto watatu nyumbani wanaomtegemea.

Sasa niseme ninayoyajua, maana wengi tunapishana nayo kila siku.

Tangu tarehe 28 Septemba, England kuna malipo ya paundi 500 kwa mtu wa kipato cha chini aliyeagizwa na Test and Trace, mfumo wa kufuatilia waliokutana na wagonjwa wa korona, ajitenge na hawezi kufanya kazi akiwa nyumbani. Anayelipa ni kaunsili yako. Unatakiwa uwe unapokea Universal Credit au posho nyingine za aina hiyo. Kama hupokei lakini umebanwa, kila kaunsili imepewa fungu la hiari la kusaidia, kwa hiyo usijikatalie mwenyewe kabla hujakataliwa. Waandalie taarifa ya benki, kitu kinachoonyesha una ajira, na ile namba ambayo Test and Trace wanakutumia kwenye simu. Bila namba hiyo fomu haiendi, ndiyo maana kupuuza simu zao ni kujikosesha pesa. Na ukitoka wakati umeagizwa kujitenga, faini inaanzia paundi 1,000. Linganisheni na malipo ya ugonjwa ya kisheria, paundi 95.85 kwa wiki, ambayo nayo wengi wa zamu za kubahatisha hatuyafikii kwa sababu wastani wa mshahara lazima ufike paundi 120 kwa wiki.

Siku za kujitenga: mgonjwa ni 10. Aliyekaa na mgonjwa alikuwa 14, kuanzia kesho tarehe 14 naye ni 10.

La pili ni mfuko wa majira ya baridi. Mnakumbuka Marcus Rashford, yule mshambuliaji wa Manchester United. Oktoba alidai watoto wanaokula bure shuleni walishwe hata likizo. Bungeni tarehe 21 wakampinga, kura 322 kwa 261. Wiki ile ile kaunsili nyingi na migahawa midogo wakaanza kulisha watoto kwa mifuko yao wenyewe, na kufika Novemba serikali ikarudi nyuma ikatoa paundi milioni 170 zipitie kaunsili kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Machi. Asilimia 80 angalau ziende kwa familia zenye watoto, na asilimia 80 angalau ziwe za chakula, umeme, gesi na maji. Kila kaunsili imejipangia namna ya kugawa. Wengine wanapitisha vocha za supamaketi shuleni, wengine unajaza fomu. Kwa hiyo kesho Jumatatu mzazi apige simu shuleni kabla hawajafunga, aulize: vocha za likizo mnatoa lini, na jina la mwanangu limo? Maneno hayo tu.

Wenye visa iliyoandikwa kwamba huna haki ya fedha za umma, nawaomba msijaze fomu yoyote ya posho kabla hamjapata ushauri, na Citizens Advice wanatoa bure. Lakini msidhani milango yote imefungwa. Kama una mtoto na mmeishiwa kabisa, kaunsili ina wajibu kwa mtoto huyo chini ya Sheria ya Watoto ya 1989, na msaada huo hauhesabiwi kuwa fedha za umma. Boksi la chakula na benki ya chakula pia havihesabiwi.

Hospitali nitaileta kesho, macho yanafumba. Karibuni na maswali.

Mtu wa Mbagala | Dar es Salaam | 13 Desemba

Dada, shikamoo. Nimesoma mpaka mwisho. Swali la mtu wa huku: hiyo kaunsili ndiyo kama halmashauri yetu? Maana huku ukiwa na shida ya hospitali unamlilia Mganga Mkuu wa Wilaya, na yeye yuko halmashauri.

Mlezi wa Zamu | 14 Desemba

Marahaba, mdogo wangu. Swali zuri, nalo linawachanganya hata waliokaa huku miaka kumi.

Huko nyumbani zahanati na kituo cha afya viko chini ya halmashauri. Huku hospitali na madaktari wa mtaa, tunaowaita GP, ni NHS, huduma ya afya ya taifa, chombo tofauti. Kaunsili inashika mambo ya kuishi: taka, nyumba, wazee wanaohitaji mtu wa kuwaogesha, ustawi wa watoto, makaburi, usajili wa vizazi na vifo. Katikati kuna kitu kimoja wanachogusana. Tangu 2013 kila kaunsili kubwa ina mkurugenzi wa afya ya jamii, na huyo ndiye anayehangaika na vituo vya kupimia korona mtaani na kutuma watu kugonga milango. Hapa Leicester tunawajua vizuri, maana tarehe 29 Juni tulikuwa mji wa kwanza kufungiwa peke yetu wakati wengine wanafunguliwa. Tangu Machi hatujaruhusiwa kukaa sebule moja na watu wa nyumba nyingine, isipokuwa wanaoishi peke yao na nyumba moja waliyoichagua.

Haya, hospitali. Shikeni kalenda. Krismasi ni Ijumaa. Jumamosi na Jumapili, halafu Jumatatu tarehe 28 ni mapumziko ya kufidia Boxing Day. Siku nne mfululizo GP amefunga, ofisi za kaunsili zimefunga, maduka mengi ya dawa yamefunga. Mwenye presha, mwenye sukari, mwenye pumu: agiza dawa zako wiki hii. Ukisubiri tarehe 23 utapanga foleni na mji mzima.

Ndani ya siku hizo nne, 111, simu ya ushauri wa afya ya NHS, inapokelewa usiku na mchana. Kiingereza kikikushinda sema neno "Swahili", subiri, watakutafutia mkalimani kwenye simu. Nimefanya hivyo kwa mama wa Bujumbura, tulisubiri dakika kadhaa na mkalimani akaja. Kifua kinachobana, mdomo kubadilika rangi, mtu kuchanganyikiwa: hapo ni 999, simu ya dharura, usipige simu kanisani kwanza.

Wale wa "nikienda watanidai maelfu": korona iliingizwa tangu tarehe 29 Januari mwaka huu kwenye orodha ya magonjwa ambayo mgeni hatozwi, awe na kibali au hana. Kupima bure, kutibiwa bure, na hawatakiwi kukagua hali yako ya uhamiaji kwa ajili hiyo. Na kujiandikisha kwa GP hakuhitaji pasipoti wala bili ya umeme. Karani wa mapokezi akikudai, mwambie kwa upole kwamba mwongozo wa NHS hausemi hivyo. Kwa mdomo wangu nimeshasema hivyo mara mbili, kwa watu wawili tofauti, na wote waliandikishwa.

Muuguzi wa Coventry | 14 Desemba

Mkuu hongera kwa uzi. Naongezea la kwangu kazini. Nunueni kile kipimo kidogo cha kubana kidole, kinachosoma oksijeni. Korona ina tabia ya kumshusha mtu oksijeni bila yeye kuhisi anakosa hewa. Anaongea vizuri, anacheka, kumbe anaishia. Ukisoma 95 kwenda juu, sawa. 93 au 94, piga 111 au GP. 92 kushuka chini, 999 hapo hapo. Futeni rangi ya kucha kwanza, na mikono ipate joto, vinginevyo kinadanganya.

Chanjo ya kwanza ilichomwa hospitali ya chuo kikuu hapa Coventry Jumanne iliyopita, tarehe 8, kwa bibi Margaret Keenan wa miaka 90. Aliyemchoma ni May Parsons, muuguzi aliyetoka Ufilipino. Nililia nilipoona picha. Aprili madaktari kumi wa kwanza kufa na ugonjwa huu nchi hii wote walikuwa watu wa asili za nje. Mgeni ndiye aliyekufa mwanzo, na mgeni ndiye aliyeshika sindano ya kwanza. Tukiitwa twendeni, jamani.

Binti wa Kisauni | London Mashariki | 16 Desemba

Nimekuwa nikisoma kimya kimya. Nina jambo naona halijasemwa na limenipata.

Mjomba wangu alifariki mwezi uliopita hapa London. Korona. Sisi ni Waislamu, maiti hatulazi. Alifariki Ijumaa usiku. Nilikaa na simu mkononi nikifikiri ni lazima nisubiri Jumatatu, maana msajili wa vifo ni wa kaunsili na kaunsili imefunga. Imamu ndiye aliyeniambia kwamba kaunsili nyingi zenye Waislamu na Wayahudi wengi zina msajili wa zamu wa wikendi kwa ajili ya mazishi ya haraka. Namba iko kwenye tovuti yao, chini kabisa, mahali ambapo mtu aliyefiwa hawezi kuiona kwa machozi yale. Jumamosi saa tatu akapokea. Kila kitu kwa simu, kwa sababu sheria ya korona ya mwaka huu imeruhusu, na cheti cha daktari hospitali wanakituma wenyewe kwa barua pepe. Aliniuliza kazi ya marehemu. Nikasema baharia. Akaniuliza tahajia ya Kisauni, mahali alipozaliwa, nikamsomea herufi moja moja. Hakuharakisha. Jumapili adhuhuri tulimzika. Kaburini ruhusa watu 30, nasi tulikuwa kumi na mmoja. Wengine wote walikuwa Mombasa wakitazama kwa simu niliyoshikiwa na binamu, mkono unamtetemeka kwa baridi.

Naomba kila mtu aitafute namba hiyo ya kaunsili yake leo, aiandike. Si uchuro. Siku nne zile za Krismasi watu watafariki pia.

Mlezi wa Zamu | 16 Desemba

Mungu amrehemu mjomba, mpenzi. Pole sana. Na asante, hilo nisingelijua.

Nauliza Tu | 17 Desemba

Samahani kuuliza hapa. Rafiki yangu yuko kwenye nyumba ambayo si salama kwake, mwanaume ameachishwa kazi na hasira zote zinamwishia yeye. Anaogopa hizo siku nne. Akitoka atakuwa amevunja sheria ya korona?

Mlezi wa Zamu | 17 Desemba

Mwambie rafiki yako hapana. Kukimbia kipigo kumeruhusiwa kisheria tangu mwanzo, ngazi yoyote ya masharti ya korona, saa yoyote. Simu ya taifa ya ukatili wa nyumbani ni 0808 2000 247, bure, mchana na usiku, Krismasi yenyewe ikiwemo. Kaunsili nayo inaweza kumsaidia kupata makazi ya dharura.

Na hili amkariri: akipiga 999 kwa simu ya mkononi na hawezi kusema kwa sababu mtu yuko chumbani, akiambiwa abonyeze, abonyeze 55. Bila kubonyeza, simu ya kimya inaweza kukatwa.

Nimekutumia ujumbe wa ndani. Saa yoyote, hata nikiwa zamu.

Mlezi wa Zamu | Jumamosi, 19 Desemba, usiku

Wadau, mmesikia. Leo jioni Waziri Mkuu Johnson amevunja Krismasi. London, Kent, Essex, Reading na sehemu kubwa ya kusini mashariki wanaingia Ngazi ya 4, yenye masharti makali kuliko zote, usiku huu huu. Hakuna kuchanganyika nyumba, hata siku yenyewe. Sisi wengine tuliahidiwa siku tano, tarehe 23 hadi 27, sasa tumebakiziwa siku moja, tarehe 25, nyumba tatu. Sababu ni kirusi kipya kinachoenea kwa kasi kuliko cha kwanza. Stesheni ya St Pancras watu wamejazana wakikimbia London kabla ya saa sita.

Nawaandikia ninyi mlioko Ngazi ya 4 ambao Krismasi mlikuwa mnakwenda kwa shangazi kula. Najua wengi mlikuwa mmetegemea chakula cha huko. Kama kabati ni tupu, Jumatatu tarehe 21 asubuhi na mapema piga kaunsili. Sema: "Niko peke yangu na sina chakula cha kunifikisha sikukuu." Usianze na hadithi ndefu, usianze na samahani. Mpokeaji ana foleni ya watu, anatafuta sentensi moja ya kuandika kwenye kompyuta yake. Ikifika Alhamisi mchana wamefunga mpaka Jumanne.

Mlioambiwa na NHS kwamba mko kwenye hatari kubwa, wenye selimundu, wenye figo, wenye saratani: huko Ngazi ya 4 mmerudishiwa ushauri wa kukaa ndani. Barua yenu ndiyo ufunguo. Inakupa nafasi ya kwanza ya kuletewa mahitaji na supamaketi, na kaunsili nayo inatakiwa ikutafute ikiwa umejiandikisha.

Mwana wa Busia | Reading | 20 Desemba

Dada, nimefanya ulivyosema, ila mimi sikungoja Jumatatu, kaunsili yetu ina laini ya wikendi. Nimeishi Reading miaka sita na sijawahi kuongea na kaunsili zaidi ya kulipa kodi yao. Mama aliyepokea aliniuliza kama nina mtu wa kuongea naye Krismasi. Nilitaka kusema ndiyo, nikashindwa. Ameniandika, kuna mtu wa kujitolea atanipigia tarehe 25 saa sita.

Mlezi wa Zamu | Jumapili, 27 Desemba

Nimerudi na mrejesho, na kisa kimoja.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anaishi bibi wa Kigujarati wa miaka 81, mtaa mzima tunamwita Ba. Alizaliwa Jinja. Siku ya kwanza alipojua natoka Tanzania alinisemesha Kiswahili cha dukani cha enzi hizo, "Mama, habari ya siku mingi?", nikaduwaa nje na mifuko yangu. Tangu hapo ni mama yangu.

Jana Boxing Day nilimgongea dirisha kumwachia maandazi. Akaja polepole, ameshika ukuta. Dawa ya presha ameimaliza tangu Jumatano, na vidonge vya sukari vimebaki viwili. Mwanawe yuko London, Ngazi ya 4, hawezi kuja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini hakupiga hata kaunsili, maana barua ya watu wa hatari anayo, inaning'inia kwenye friji, naiona kutoka nje.

Akasema, "Hawa watu walituandikia tusije."

Nilidhani amechanganyikiwa kwa sababu ya sukari. Hakuchanganyikiwa. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, halmashauri ya jiji hili ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, ikiwaambia kwa faida yao wasije Leicester, nyumba zimejaa, shule zimejaa. Ba alilisoma akiwa Kampala, ana miaka 33, mtoto mgongoni. Wakaja hivyo hivyo, maana ndugu yao mmoja alikuwa huku. Leo barabara ya Belgrave yote wameijenga wao, mihogo ya kukaanga inauzwa kwa jina la mogo, na jiji linajivunia. Lakini yeye miaka 48 baadaye bado hapigi simu kaunsili. Nikamkumbuka kijana wa Tanga pale dirishani. Mmoja ana miaka 81 na mwingine 26, na neno lao ni moja.

Nilipiga 111 nikiwa nimesimama nje ya mlango wake, barakoa usoni, simu kwenye spika. Wakauliza dawa gani, miligramu ngapi, boksi tupu akalinyanyua kioo kwa kioo nikawasomea. Wakalipeleka ombi lake moja kwa moja kwa mfamasia wa zamu, ambaye ana ruhusa ya kutoa dawa za dharura za siku chache kwa mtu anayezitumia siku zote, bila GP. Saa moja na nusu baadaye nilikuwa kaunta, jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, mfuko wa karatasi mkononi. Sikulipa kitu, waliofikisha miaka 60 hawalipi dawa England.

Leo asubuhi ameniambia sukari imeshuka. Jumanne kaunsili wakifungua tutapiga pamoja, mimi nje yeye ndani, ajiandikishe aletewe mahitaji. Amekubali kwa sharti kwamba mimi ndiye niseme jina lake kwanza.

Na yule Mwana wa Busia, uko wapi? Alikupigia?

Mwana wa Busia | 27 Desemba

Alinipigia dada. Mzee mmoja mstaafu wa shirika la reli. Dakika arobaini. Alitaka kujua ziwa Viktoria lina rangi gani asubuhi.

Mlezi wa Zamu | Jumatano, 30 Desemba

Haraka haraka, niko mapumziko ya chai. Jana nimechanjwa, sisi wa nyumba za wazee tuko kundi la kwanza pamoja na wazee wenyewe. Mkono unauma kama nimebeba ndoo, basi. Dozi ya pili nilipangiwa tarehe 19 Januari, lakini leo wametangaza wanaisogeza mpaka wiki 12 ili watu wengi zaidi wapate ya kwanza. Leo pia chanjo ya Oxford imeidhinishwa, ile inayokaa kwenye friji ya kawaida. Ya Pfizer inataka baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, ndiyo maana ilikuwa haifiki kwenye nyumba ndogo za wazee.

Nasi Leicester kesho tunaingia Ngazi ya 4. Ba amejiandikisha. Hatukungoja hata dakika kumi kwenye simu.

Mtu wa Mbagala | Dar es Salaam | 1 Januari 2021

Heri ya mwaka mpya nyote. Dada, yule kijana wa Tanga alipata hiyo mia tano? Mama yangu ananiuliza kila siku, nimemsomea uzi wote.

Mlezi wa Zamu | Jumanne, 5 Januari 2021

Heri ya mwaka mpya, na msalimie mama sana.

Jana usiku tumefungiwa nchi nzima ya England, shule zimefungwa isipokuwa kwa watoto wa wafanyakazi wa huduma muhimu na watoto walio hatarini. Wazazi wa vocha: zile za likizo zimekwisha, ulizeni shule sasa hivi watoto watalishwaje majumbani, msingoje barua.

Mia tano iliingia jana asubuhi. Ilichukua wiki tano, na mara ya kwanza walimrudishia fomu kwa sababu taarifa ya benki ilikuwa haionyeshi jina lake. Wenzake watatu wa nyumba ile nao wamelipwa, mmoja wao kwenye fungu la hiari. Wa nne amekataliwa na tumeomba waangalie upya, tunasubiri. Huyo wa nne ndiye yule mwenye watoto watatu.

Kijana mwenyewe amepona ila ngazi bado zinamchosha. Jumamosi alinipigia akauliza kama kuna mtu wa kumfanyia manunuzi, maana zamu hajapata na hataki kukaa bure. Nikampa anwani ya Ba. Nilikuwa dirishani kwangu nikiwaangalia: yeye ameweka mifuko mlangoni akarudi nyuma hatua tatu kama tunavyotakiwa, Ba amefungua, wameongea Kiswahili mle barabarani kwa sauti ya juu kwa sababu ya ile nafasi kati yao. Kesho Ba anakwenda kuchanjwa na tayari teksi imeshaagizwa. Leo amenipigia kuniuliza kama mtoto wa Tanga anakula mogo yenye pilipili, au amkaangie ya chumvi tu.